Gari Likizima Njiani, Itafutwe Kasoro Kabla ya Kutafutwa Mtu



Sisi tunaokaa Wanyange tumezoea ngurumo za magari usiku na mchana. Barabara kuu ya kutoka Jinja kwenda Iganga inapita karibu nasi. Ndiyo njia ya mizigo inayotoka Mombasa kwenda Kampala, na mingine inaendelea mpaka Rwanda na Kongo. Katika barabara hiyo hiyo hupita mabasi ya Mbale, matrekta ya miwa, boda boda, na malori yanayobeba wenzetu kwenda kazini alfajiri. Lori la wafanyakazi likizima ghafula mlimani, giza likiwa bado halijatoka na trela zito likija nyuma, hapo hakuna mzaha. Watu wote walio juu ya lori hilo wamo hatarini.

Jambo la kushangaza ni hili. Lori likiisha kusukumwa pembeni na watu wakiwa salama, swali la kwanza linaloulizwa ofisini ni, "Dereva alikuwa nani?" Ni mara chache kusikia, "Injini imezimwa na nini?" Mimi nasema utaratibu huo umepinduka. Injini haizimi bila sababu. Sababu hiyo inaweza kutafutwa hatua kwa hatua na kuonekana kwa macho. Mpaka itakapoonekana, hakuna mtu anayestahili kukatwa mshahara wala kuitwa mwizi.

Nitawaeleza kwa nini nasema hivyo.

YALIYOTUPATA SISI

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa utanboi katika lori la dizeli la kontrakta mmoja, ambaye sitamtaja, aliyekuwa akibeba wafanyakazi na mizigo kati ya Jinja na Mbale. Dereva wetu alikuwa mzee mtaratibu, asiyekunywa pombe, aliyekuwa ameshika usukani tangu mimi sijazaliwa.

Lori hilo likaanza ugonjwa. Asubuhi linatoka vizuri. Baada ya mwendo fulani nguvu zinapungua, linakohoa mara mbili tatu, halafu linazima. Mzee ananiambia, "Kijana, hebu angalia dizeli." Nafungua tanki, natumbukiza kijiti, naona dizeli ipo. Tunapiga pampu ya mkono kidogo, tunapiga starta, lori linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Tunakwenda, na baada ya muda linazima tena.

Fundi wa kampuni akabadilisha filta ya dizeli mara mbili. Haikusaidia. Wiki ya tatu msimamizi akatoa hukumu yake: dereva anauza dizeli njiani, na gari likikosa mafuta anasingizia ubovu. Mzee akakatwa mshahara kwa saa zilizopotea, akaandikiwa barua ya kufika mbele ya meneja ajieleze kwa nini asifukuzwe.

Jioni hiyo alinijia nyumbani. Akaniambia, "Mwanangu, barua hii ikinifukuza nitatafuta kibarua kingine. Lakini watoto wangu wataambiwa baba yao ni mwizi wa mafuta. Hilo nitalifuta na nini?"

Nilimpeleka kwa mwakilishi wa chama. Yeye hakupiga kelele. Aliniambia ninunue daftari la shule, na kila siku niandike mambo manne: tanki lilikuwa na dizeli kiasi gani, lori limezima wapi, lilizima namna gani, na tulifanya nini kabla halijawaka tena. Niliandika siku sita. Siku ya saba tulimpelekea daftari fundi mmoja mzee, mwenye gareji yake kando ya barabara huko Bugembe. Alisoma polepole, akacheka, akaenda moja kwa moja kwenye tanki. Injini hakuigusa.

Kifuniko cha tanki lile kilikuwa kimepotea zamani. Mzee alikuwa amekiomba kwa mdomo mara nyingi, akaambiwa asubiri. Mahali pake tuliweka kaveera mbili na kipande cha mpira wa chubu, tukakaza kwa nguvu. Ndugu zangu, sitaficha: aliyekuwa akikaza mpira huo ni mimi. Na tangu tulipoambiwa kwamba dizeli inaibiwa, nilikuwa nikikaza zaidi.

Fundi alitueleza hivi. Pampu inapovuta dizeli kutoka kwenye tanki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kifuniko cha kweli kina tundu dogo la kupumulia, au tanki lina kipira chake cha hewa. Hewa ikizuiwa, tanki linang'ang'ania dizeli yake, kama chupa ya soda inavyong'ang'ania mdomo wa mtoto anayenyonya bila kupumzika. Pampu inashindwa, injini inafa kwa njaa na chakula kimo ndani. Mimi nilipofungua tanki kuangalia dizeli, hewa iliingia, na ndiyo iliyokuwa ikiwasha lori.

Daftari lilikuwa na ushahidi mwingine. Siku tulizojaza tanki, lori lilizima mapema zaidi. Siku tulizotoka na nusu tanki, lilikwenda mbali. Katika tanki lililojaa nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo huisha nguvu upesi. Sasa jiulizeni: mwizi wa dizeli gani gari lake huzima tanki likiwa limejaa?

Siku ya kesi mwakilishi wetu aliweka mezani vitu viwili tu: daftari na zile kaveera. Barua ilifutwa. Kifuniko kilinunuliwa siku ile ile, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko fedha walizomkata mzee. Fedha hizo zilirudishwa baada ya miezi miwili. Neno la samahani halikutolewa mpaka leo. Mimi siku hiyo ndipo nilipojiunga na kazi ya chama kwa moyo wote.

TABIA HII IMETOKA WAPI

Tusiwalaumu mafundi wetu kwa kufunga funga vitu. Mji wa Jinja ulikua kwa viwanda, hasa baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954 na kuleta umeme kwa viwanda vya nguo, shaba na bia. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia, viwanda na mashamba mengi yaliharibika, na vipuri vikawa adimu. Wazee wanatusimulia jinsi mafundi walivyokata mipira, walivyochonga vyuma, walivyofunga kwa waya, mradi gari litembee. Ujuzi huo ulitusaidia, na ni heshima kwao.

Lakini leo vipuri vimo madukani Jinja na Mbale. Mwajiri anayeacha lori la watu litembee na kaveera badala ya kifuniko hana tena shida ya mwaka 1972. Anaokoa fedha kidogo kwa kuweka roho za watu rehani.

GARI LIKIZIMA LINATEMBEA

Hili ni la madereva, lakini matanboi na abiria nao walijue.

Injini ikizima, usukani wenye kusaidiwa na injini unakuwa mzito. Haujafunga, ushike kwa mikono miwili na uzungushe kwa nguvu. Usiondoe ufunguo gari likiwa linatembea, maana hapo usukani unaweza kufunga kweli. Breki nazo zinabadilika. Katika gari dogo na pikapu, msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Kwa hiyo usipige pige pedali. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie. Katika lori la breki za upepo, mashine ya kujaza upepo imesimama pamoja na injini. Upepo uliobaki ndani ya mitungi ndio wako wa mwisho, usiupoteze.

Weka gia huru, washa taa ya kushoto, liache gari litumie mwendo lililo nao kufika pembeni. Mlimani, lisianze kurudi nyuma: kaza breki ya mkono. Tanboi aweke kigogo au jiwe kwenye gurudumu akiwa amesimama kando, asiingie kati ya magurudumu. Abiria washuke kwa upande wa majani na wasimame mbali na gari. Wasikae nyuma yake, maana hapo ndipo trela litakapogonga. Pembetatu za kung'aa ziwekwe mbali nyuma, hatua 50 au zaidi, na mlimani au kwenye kona mbali kuliko hapo. Matawi tuliyozoea kuyatupa barabarani hayaonekani vizuri usiku.

KUTAFUTA KASORO

Fundi mzee wa Bugembe alitufundisha kwamba kabla ya kushika spana, uliza: limekufa namna gani? Daktari huuliza maumivu yalianzaje kabla ya kutoa dawa.

La kwanza: limezima ghafula kama taa iliyozimwa? Basi shuku umeme. Angalia tamino za betri kama zimelegea au zimeota ukungu, angalia fyuzi na waya za swichi. Kwenye gari la petroli la zamani angalia koili, platini na waya wa kwenda kwenye distribyuta. Injini nyingi za dizeli zina kifaa cha umeme kinachofungulia mafuta. Waya wake ukikatika, dizeli inakatwa papo hapo.

La pili: limepungukiwa nguvu, likakohoa, ndipo likazima, hasa linapopanda mlima na mzigo? Shuku mafuta. Anza kwenye tanki. Pima kwa kijiti, usiamini mshale. Fungua kifuniko na usikilize. Kikitoa sauti ya kunyonya hewa na gari likawaka baadaye, umekwisha kupata jibu. Endelea kwenye filta, na kwenye kikombe cha kutenga maji kama kipo. Maji huingia katika dizeli kwa kutunzwa ovyo katika mapipa, na pia tanki likilala nusu tupu, kwa sababu ubaridi wa usiku hufanya umande ndani yake. Jaza tanki jioni. Usivute dizeli ya chini kabisa ya pipa.

Kisha tazama paipu kutoka tanki mpaka pampu. Hapa wengi hudanganyika. Upande huo ni wa kuvuta, kwa hiyo tundu dogo huingiza hewa bila kumwaga hata tone moja nje. Mtu anatafuta mahali palipolowa, hapaoni, anasema paipu ni nzima. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, piga pampu ya mkono. Mapovu yakitoka bila kuisha, hewa inaingia mahali fulani nyuma. Kaza viungo vyote, angalia mipira iliyopasuka na paipu iliyosuguliwa na chesisi.

La tatu: linazima likishapata moto, na linawaka likipoa? Kwenye petroli, koili iliyochoka hufanya hivyo, na petroli inayochemka ndani ya paipu iliyo karibu na injini hufanya hivyo pia. Magari mapya yanayotoka Japani yana kompyuta na sensa zinazohesabu mzunguko wa injini. Sensa ikishindwa na joto, injini inakata na baadaye inakubali. Hapo mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma makosa ya kompyuta. Usibadilishe kitu kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, ukimaliza fedha.

La nne: linazima ukiondoa mguu kwenye mafuta, kama kwenye njia panda? Shuku uchafu katika kabureta au katika mlango wa hewa, mpira wa hewa uliopasuka, au mzunguko wa injini uliowekwa chini mno.

La tano: limezima na joto kali, harufu ya kuungua au mlio wa vyuma? Hilo usiliwashe tena. Angalia oili na maji, na radieta isiwe imezibwa na majani ya miwa. Usifungue kifuniko cha radieta kikiwa cha moto.

Na maonyo mawili. Usimimine petroli kwa mkono kwenye kabureta huku mwenzako anapiga starta. Moto ukirudi utakuunguza uso. Usiweke kidole mbele ya nozeli ya dizeli kupima kama inatoa. Dizeli hiyo ina nguvu ya kupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake ni la kukimbilia hospitali.

TUNADAI NINI

Wengine watasema haya ni mambo ya gareji, chama kinayatakia nini? Ninajibu: yeyote anayepanda lori la kazi anaendesha kazi yake juu ya injini hiyo. Mkata miwa asiyejua hata jina la filta anaweza kufa kwa sababu ya filta. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 ya nchi yetu inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, na inatambua wawakilishi wa usalama na kamati za usalama mahali pa kazi. Kamati hizo zisikae tu kuhesabu viatu na kofia. Zitazame na magari.

Kwa maoni yangu tudai mambo matano.

Kwanza, kila gari la kazi liwe na daftari la kasoro. Dereva aandike, msimamizi atie sahihi, na nakala moja ibaki kwa dereva. Neno la mdomo halina shahidi. Mzee wetu aliomba kifuniko mara nyingi, lakini hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Pili, gari lililozima mara mbili kwa kasoro isiyojulikana lisibebe watu mpaka sababu ipatikane. Kuwaka tena si kupona.

Tatu, dereva anayekataa kutoka na gari la hatari asiadhibiwe. Hili si wazo langu. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi yenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asipate madhara kwa ajili hiyo. Mwaka 2022 shirika hilo liliuingiza mkataba huo miongoni mwa mikataba yake ya msingi.

Nne, fundi apewe muda na vipuri. Fundi anayeambiwa, "Fanya litembee tu," ndiye atakayelaumiwa kesho likiua.

Tano, pasiwe na makato ya mshahara kwa gari lililoharibika kabla kasoro haijachunguzwa na mwakilishi wa wafanyakazi akiwapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara anavyotaka.

Nasi tuna wajibu wetu. Dereva anayeuza dizeli kweli anatuharibia sote, maana kwa ajili yake mwaminifu hasadikiwi. Tanboi anayeona kasoro akanyamaza kwa kuogopa maneno ni sawa na mimi nilivyokuwa nikikaza ule mpira. Abiria wanaompigia dereva kelele, "Twende, twende, tumechelewa," wakati anaangalia gari lake, wanajitafutia ajali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu, wiki hii kabla ya kupanda lori muulize dereva wako swali moja: "Ndugu, daftari la kasoro liko wapi?" Kama hakuna, mwambie mwakilishi wako siku hiyo hiyo. Daftari letu lilikuwa la shule, la kununua dukani, na lilimrudishia mzee mmoja mshahara wake na jina lake.

Umoja ni nguvu.